Saa Mbili Katika Laini Moja

Karatasi ya kwanza niliyoonyeshwa ilikuwa na pengo. Ilikuwa faksi ya hati ya mzigo, na katikati ya ukurasa, mahali pa namba ya kontena, tarakimu zilikuwa zimekatika kiunoni. Nusu ya juu ipo, nusu ya chini imemezwa, na mstari unaofuata umepanda juu kuziba nafasi. Karatasi ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Ya tatu ilikatikia njiani. Dada wa mapokezi wa kampuni hiyo ya uwakala wa forodha, Kurasini, Dar es Salaam, alikuwa amezitunza zote kwenye faili la kijani, kila moja imeandikwa tarehe na saa kwa kalamu nyekundu. Nilizihesabu, zikawa 41 kwa wiki tatu.

"Na simu za kuongea je?" nikamuuliza.

"Zinaongea, kaka. Ila kuna kitu kinagonga humo ndani. Ti. Kimya. Halafu ti tena."

Mwaka ulikuwa 2006. Kebo kubwa za chini ya bahari zilikuwa hazijafika pwani yetu. Ya kwanza kati ya hizi mpya, SEACOM, ilianza kazi mwaka 2009. Intaneti ya ofisi nyingi ilikuwa ya setilaiti, ghali na ya kubabaisha, na kwa mawakala wa bandarini faksi ndiyo iliyobeba mzigo wa hati. Tarakimu moja ikipotea, lori linalala getini.

Kabla yangu walikuwa wamekuja mafundi wawili. Fundi wa kampuni ya simu alikuja Jumatatu, akachomeka kipimo chake, akapima laini kwa robo saa, akaandika kwenye fomu: laini safi, tatizo ni mtambo wa mteja. Fundi wa mtambo wa simu wa ofisi alikuja Alhamisi, akaipima kadi inayopokea laini, akaiona nzima, akabadilisha kadi hata hivyo ili asilaumiwe, naye akaandika kwenye fomu: mtambo mzima, tatizo ni laini. Meneja aliniwekea fomu zote mbili mezani, moja juu ya nyingine.

"Mmoja wao ananidanganya," alisema. "Nataka kujua ni yupi."

Hakuna aliyekuwa anamdanganya. Kila mmoja alikuwa amepima vizuri na kuandika ukweli wa alichokiona, na hitilafu ilikuwepo vile vile. Nimefanya kazi hii ya ufundi wa simu miaka mingi na nimeona ugomvi wa namna hiyo katika hospitali, mahoteli, benki na ofisi za umma, na karibu kila mara anayeumia ni mtu wa tatu, yule aliyeshika simu mkononi.

Tuanze na laini yenyewe. Ofisi ile haikuwa na laini thelathini za waya zinazoingia ukutani. Ilikuwa na laini moja ya kidijitali, ile ambayo mafundi huiita E1. Nje ilikuja kwa pea za shaba hadi kwenye kisanduku cha kampuni ya simu, na kutoka hapo pea mbili tu za waya ziliingia kwenye mtambo wa ofisi, pea moja ya kwenda na nyingine ya kurudi. Ndani ya pea hizo walipita watu 30 wakiongea kwa wakati mmoja bila kusikiana.

Siri yake ni mgao wa muda. Sauti ya kila mzungumzaji hupimwa mara 8,000 kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti nane. Vipimo vya watu wote hupangwa foleni, kimoja kimoja, na foleni moja kamili ndiyo fremu. Fremu ya E1 ina vyumba 32, na 30 kati yake ni vya maongezi. Chumba namba 0 hubeba alama ya kumwonyesha mpokeaji fremu inapoanzia, na namba 16 hubeba habari za kupiga na kukata simu. Fremu moja hudumu sehemu 125 za milioni ya sekunde, kisha inafuata nyingine. Jumla ni biti 2,048,000 kila sekunde.

Wazo hili la kuigeuza sauti kuwa namba ni la Mwingereza Alec Reeves, aliyelibuni akiwa kazini Paris na kulisajili Ufaransa mwaka 1938. Vifaa vya kulitekeleza kwa bei inayobebeka havikuwepo, na laini ya kwanza ya biashara iliwashwa Chicago mwaka 1962. Wamarekani walichukua vyumba 24, Ulaya ikachukua 32, nasi Afrika Mashariki tukafuata Ulaya. Hata minara ya simu za mkononi, kwa miaka mingi, iliunganishwa na vituo vyake kwa laini hizi hizi.

Sasa tuzitazame taa, kwa sababu fundi mzuri huanza kwa macho kabla ya kugusa waya. Mitambo hutofautiana rangi, lakini kengele kubwa ni tatu na maana zake ni zile zile. Ya kwanza inasema: sisikii kitu. Hakuna mapigo yanayoingia, waya umekatika au kisanduku kimezimika. Ya pili inasema: mwenzangu wa upande wa pili ananiambia hanisikii. Wewe unamsikia vizuri, ndiyo maana ujumbe wake umekufikia; kilichoharibika ni njia yako ya kwenda, nayo ya kurudi ni nzima. Ya tatu ni mkondo wa moja tupu, bila sifuri hata moja, unaotumwa na kifaa kilichopo katikati ya safari. Maana yake: mimi nipo na waya kati yetu ni mzima, ila huko nyuma yangu kumekuwa kimya. Anayezielewa kengele hizi tatu anajua aelekee upande gani kabla hajafungua mkoba wa vifaa. Nimewaona watu wakibadilisha kadi za mamilioni ya shilingi kwa kengele ya tatu, wakati taa ile ilikuwa inawaambia wazi kwamba kasoro iko kilomita kadhaa kutoka hapo waliposimama.

Kurasini taa zote zilikuwa kijani.

Hapo ndipo wengi hukwama. Laini ya kizamani ya analojia ilikuwa inaugua hadharani. Unyevu ukiingia kwenye kiungo unasikia mkwaruzo, kesho mkwaruzo unazidi, keshokutwa humsikii mwenzako. Laini ya kidijitali huuficha ugonjwa wake. Inapokea pigo lililochakaa, inalisoma kama moja au sifuri, na inatoa sauti safi kabisa hadi siku inaposhindwa kusoma. Kwa hiyo sikio pekee halitoshi, wala taa ya kijani haitoshi. Inabidi kusoma hesabu.

Kila mtambo wa aina hii una daftari lake la ndani. Unaandika makosa ya kila robo saa na kutunza vipindi 96, yaani saa 24 kamili. Humo utakuta sekunde zilizokuwa na kosa, sekunde zilizoharibika vibaya, makosa ya mapigo, makosa ya ukaguzi wa fremu, na safu moja ambayo watu wengi huipita bila kuitazama: idadi ya mara ambazo fremu ziliteleza. Mafundi huziita slipu.

Nililifungua daftari la mtambo ule. Makosa ya mapigo, sifuri. Makosa ya ukaguzi, sifuri. Slipu: 72, 72, 71, 72, 72. Nikashuka na ukurasa. Jioni, wakati hakuna mtu ofisini, 72. Jumapili asubuhi, 71. Palipokuwa na tofauti ni saa za usiku baada ya kiyoyozi kuzimwa na chumba kupata joto, hesabu ikapanda kidogo hadi 74, kisha asubuhi ikarudi ilipokuwa.

Kosa la unyevu halina nidhamu hiyo. Kosa la waya uliolegea hulipuka mtu anapopita na kutulia akiondoka, na kosa linaloletwa na kelele za lifti hufuata saa za kazi. Namba inayojirudia usiku na mchana, kazini na mapumzikoni, inayosogea kidogo tu kwa joto la chumba, inatokana na kitu kinachohesabu. Ndani ya mtambo, kinachohesabu ni saa.

Hapa nieleze kwa mfano wa jengo. Vijana wawili wanapokezana matofali, mmoja chini anarusha, mwingine juu anadaka na kupanga. Mdundo wao ukiwa mmoja, hakuna tofali linaloanguka. Mrushaji akiwa na kasi kidogo kuliko mdakaji, tofauti haitaonekana mara moja, maana mdakaji ana nafasi ndogo ya kuweka akiba pembeni. Akiba itajaa taratibu, na siku ikijaa tofali moja litatupwa. Mdakaji akiwa ndiye mwenye kasi, atafika mahali mikono inadaka hewa. Mtambo wa simu hufanya vivyo hivyo kwa fremu. Akiba ikijaa unaitupa fremu nzima, akiba ikiisha unairudia ile ya mwisho. Hiyo ndiyo slipu.

Mdundo wa kila mtambo unatoka kwenye saa yake, na saa za mitambo ya ofisi ni fuwele za kwatzi. Kipimo cha kimataifa cha laini hii kinairuhusu saa kukosea hadi sehemu 50 kwa milioni. Inasikika ndogo sana. Lakini chukua kosa dogo kuliko hilo, sehemu 10 kwa milioni, ulizidishe kwa fremu 8,000 za kila sekunde. Unapata slipu moja kila sekunde 12 na nusu, na sekunde 12 na nusu zinaingia kwenye robo saa mara 72. Ndiyo namba iliyokuwa inanitazama kwenye kioo cha kompyuta.

Mtu anayeongea hupoteza kipimo kimoja cha sauti yake katika kila slipu, na sikio husikia ti, au halisikii lolote. Faksi haina uvumilivu huo. Inategemea mtiririko usiokatika, na pengo la sehemu 125 za milioni ya sekunde linatosha kuivuruga isome vibaya, imeze mstari, au ikate simu. Dada wa mapokezi alikuwa sahihi tangu siku ya kwanza, kwa sikio na kwa karatasi.

Kwa nini basi vipimo vya wale mafundi wawili vilitoka safi? Hili ndilo ninalotaka kila fundi kijana alishike, na kila mwenye ofisi pia.

Silaha kubwa ya kutafuta kosa kwenye laini ni lupu. Unaipinda laini mahali fulani ili kinachotumwa kirudi kilikotoka, kisha unatuma mkondo wa biti unaoujua na kulinganisha na uliorudi. Vikilingana, kipande hicho cha njia ni kizima. Unasogeza lupu hatua kwa hatua, nusu kwa nusu, mpaka kosa linaponaswa kati ya sehemu mbili. Kwa robo saa moja unakuwa umepitisha biti 1,843,200,000, na ukipata sifuri katika zote hizo, una haki ya kuusifu waya. Fundi wa kampuni ya simu aliweka lupu kwenye kisanduku chake, mkondo ukaenda na kurudi salama. Fundi wa mtambo aliweka plagi ya lupu kwenye kadi yake, akaunganisha pini 1 na 4, pini 2 na 5, mkondo wake ukarudi salama.

Lakini katika lupu anayetuma na anayepokea ni yule yule, na saa ni ile ile. Tofali analorusha linarudi mikononi mwake mwenyewe, kwa mdundo wake mwenyewe. Kosa la saa haliwezi kuonekana hapo hata ukipima wiki nzima, kwa sababu linazaliwa pale tu mitambo miwili inapokutana. Hitilafu haikuwa ndani ya mali ya huyu wala ya yule. Ilikuwa katika makubaliano yao, na hakuna aliyetumwa kuyapima makubaliano.

Kanuni ni nyepesi kuitamka: katika laini moja saa iwe moja. Kampuni ya simu hutumia saa kuu ambayo kosa lake, kwa kipimo cha kimataifa, halizidi sehemu moja kwa bilioni mia moja. Mitandao miwili yenye saa za namna hiyo hutelezeana takribani mara moja kwa siku 70. Mtambo wa mteja unatakiwa uinyamazishe fuwele yake na kufuata mdundo unaoingia kwa waya. Kwenye menyu ya mtambo kuna mstari mmoja unaouliza saa itoke wapi. Jibu la mteja ni: kwenye laini. Pale Kurasini palikuwa pameandikwa: ndani.

Nani aliandika hivyo? Nilirudi kwenye faili la kijani. Karatasi ya kwanza yenye pengo ilikuwa na tarehe iliyomfanya meneja akumbuke jambo mara alipoisikia. Wasomaji wa Tanzania hawajasahau mgawo wa umeme wa mwaka 2006, ukame ulipoyapunguza maji ya mabwawa na miji ikalala gizani. Siku moja kabla ya karatasi ile, umeme ulikatika tangu asubuhi hadi usiku, betri ya akiba ya mtambo ikaisha, na betri ndogo ya kumbukumbu ilikuwa imeshakufa bila mtu kujua. Mtambo ulipowaka ulikuwa umerudi kwenye mipangilio ya kiwandani. Kijana wa ofisi akajitahidi kurudisha namba za meza zote, moja baada ya nyingine, kazi ya saa nne. Mstari wa saa hakuujua.

Niliubadilisha. Tulikaa tukinywa chai, tukasubiri robo saa ipite. Slipu: 0. Robo iliyofuata: 0. Dada akaomba bandarini watume hati upya. Karatasi ya 42 ilitoka nzima, namba ya kontena ikasomeka herufi zake nne na tarakimu zake saba.

Nisije nikaeleweka vibaya, si kila kosa ni saa. Kosa lililonisumbua kuliko yote lilikuwa la waya, katika jengo la ghorofa tisa katikati ya mji. Kisanduku cha kampuni kilikuwa chini, mtambo wa ofisi ghorofa ya sita, na kati yao kulikuwa na kebo ya mita zaidi ya 70 iliyopanda kando ya njia ya lifti. Makosa yalianza saa mbili asubuhi, yakapungua saa ya chakula, yakaisha saa kumi na moja jioni. Jumapili hakuna hata moja. Mtambo wa mteja ulionyesha kuwa unapokea vizuri. Waliokuwa wanalalamika ni upande wa kampuni. Kwa hiyo pea ya kurudi ilikuwa nzima na pea ya kwenda mbovu, na mbaya wake alikuwa lifti.

Fundi aliyevuta kebo ile alinionyesha kipimo chake kwa fahari, na alikuwa na sababu. Taa nane za kijani kwa nyaya nane, moja hadi nane, bila kosa. Niliomba ruhusa nikaikata plagi na kuitazama kwenye mwanga wa dirisha. Rangi zilikuwa zimepangwa kwa uzuri wa kupendeza: pea ya machungwa, kisha pea ya kijani, kisha pea ya bluu, kisha pea ya kahawia, kila pea pembeni ya nyingine. Kwa mpangilio huo pini 4 ilikuwa na waya wa kijani na pini 5 ilikuwa na waya mweupe wenye mstari wa bluu. Sasa kumbuka kwamba laini ya E1 hutuma kwa pini 4 na 5. Mkondo wa kwenda ulikuwa umepandishwa kwenye waya mmoja kutoka pea hii na mmoja kutoka pea ile.

Nyaya za pea husokotwa pamoja kwa sababu. Kelele ya injini ya lifti inapozipiga, huzipiga zote mbili sawasawa, na kipokezi kinachosoma tofauti kati yake hakioni kitu. Ukichukua waya mmoja huku na mwingine kule, msokoto haukusaidii tena, na kila lifti inapoanza kupanda kelele inaingia kwenye maongezi. Kipimo cha taa nane hakiwezi kuligundua hili, maana kinauliza swali moja tu, kama umeme umefika upande wa pili. Umefika. Hakiulizi umefika ukiwa na nani. Tulipiga plagi upya pande zote mbili, pini 4 na 5 zikapata pea nzima ya bluu na pini 3 na 6 pea ya kijani. Jumatatu lifti ikapanda na kushuka kutwa nzima, na daftari likabaki na sifuri.

Yapo makosa mengine ambayo ni ya mipangilio tu. Upande mmoja unawasha ukaguzi wa fremu, mwingine umeuzima, na fremu hazipatani. Au upande mmoja unaandika mapigo kwa utaratibu unaoziba sifuri nyingi zinazofuatana, wa pili hauujui utaratibu huo. Hapo laini hupita vipimo vyepesi na kuanguka unapotumwa mkondo wenye sifuri nyingi. Kuna kebo za omu 75 zinazoungwa moja kwa moja kwenye tundu la omu 120 bila kibadilishi katikati. Kuna erthi mbili za ghorofa mbili zisizolingana, ambazo hukaa kimya kiangazi chote na kuunguza kadi radi ya masika inapopiga. Haya ukiyajua hukuchukua dakika chache kuyaangalia, na ni aibu kuyafikia baada ya kubadilisha vifaa.

Ugumu mkubwa zaidi hauko kwenye waya. Wakati wa mashirika makubwa ya posta na simu, mtu mmoja aliwajibika kwa yote. La Tanzania liligawanywa mwaka 1994, la Kenya mwaka 1999, na mitambo ya maofisini ikazidi kuwa ya wateja wenyewe, inayotunzwa na mafundi wao. Sina malalamiko na mabadiliko hayo. Yalileta simu kwa watu ambao wangeisubiri maisha yao yote. Lakini yalichora mpaka ukutani, pale kwenye kisanduku, na kila fundi akafundishwa kuulinda upande wake. Fomu za kazi zenyewe zimeandikwa hivyo. Zina nafasi ya kuandika "safi kwa upande wetu". Sijawahi kuona fomu yenye nafasi ya kuandika kilichopimwa pande zote mbili zikiwa zimeunganishwa, laini ikiwa kazini. Kwa maoni yangu hilo ni kosa kubwa kuliko fuwele yoyote, na makampuni yanaweza kulisahihisha kwa kuchapa upya karatasi.

Laini hizi zinapungua. Ofisi nyingi zimehamisha simu zao kwenye intaneti, na Uingereza imepanga kuuzima mtandao wake wa zamani wa simu Januari 2027. Hata hivyo bado ipo mitambo ya ofisini inayotoka nje kwa E1, na ofisi nyingine zimeweka kifaa cha kubadilisha kati ya intaneti na mtambo wao wa zamani. Kifaa hicho kina tundu lile lile, pini zile zile, na mstari ule ule wa menyu unaouliza saa itoke wapi. Nimekuta safari hii kila upande ukifuata saa ya mwenzake, na hakuna anayeongoza. Laini inayumba bila mwenye mdundo.

Kwa hiyo, msomaji mwenye laini ya namna hii ofisini kwako, fanya kama yule dada wa Kurasini. Fungua faili. Andika tarehe, saa na kilichotokea, na chini yake andika siku umeme ulipokatika, siku fundi alipogusa kitu, siku mvua iliponyesha. Linganisha saa ya ukutani ya ofisi na saa inayoonyeshwa na mtambo, maana mitambo mingi imeachwa kwenye saa za nchi nyingine, na daftari la robo saa linasomeka kinyume usipolijua hilo. Fundi akikuambia laini ni safi, muulize kwa heshima: umepima kwa muda gani, lupu uliweka wapi, na slipu ni ngapi? Kisha waite mafundi wote wawili, wa kampuni na wa kwako, siku moja, saa moja, mbele ya kisanduku kimoja, na msiondoke mpaka robo saa nne zimepita na daftari la kila upande limesomwa kwa sauti.